Masisi na Walikale: Namna ya kulinda rangi ya gari bila kuchafua maji ya kijiji

Gari likitoka Sake asubuhi likiwa jeupe, linaweza kufika Masisi-Centre jioni likiwa na rangi ya udongo, kuanzia magurudumu hadi kwenye vioo. Wakati wa mvua ni tope. Wakati wa jua ni vumbi jembamba linaloingia hata ndani ya milango iliyofungwa. Kwa madereva na motari wanaotumia njia za wilaya za Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, kazi ya kwanza baada ya kufika ni kutafuta maji ya kuosha. Mara nyingi maji hayo ni ya mto.

Pembeni ya daraja au kwenye kivuko, vijana wanasubiri wakiwa na ndoo, sabuni ya unga na kipande cha nguo kuukuu. Baada ya muda mfupi gari linang'aa, dereva analipa na kuendelea na safari. Yanayobaki nyuma hayaonekani haraka. Kwenye rangi kunabaki mikwaruzo myembamba kama nyuzi za buibui, na mtoni povu lenye mafuta linashuka kuelekea mahali ambapo wakaaji wengine wanachota maji ya kunywa.

Katika miji mingi ya dunia kumeenea njia nyingine: kuosha gari kwa maji kidogo sana au bila maji kabisa, kisha kulifunika kwa nta au dawa inayokinga rangi. Mijini kazi hiyo inajulikana kama ditelingi. Je, inaweza kufaa mahali penye tope kama Masisi na Walikale? Inafaa, lakini kwa masharti. Anayeifanya bila kuyajua masharti hayo anaweza kuharibu rangi haraka kuliko yule wa mtoni.

Mali ya familia nzima

Magari mengi yanayotembea Goma na vijijini kwake yaliwahi kutumiwa kwingine kabla ya kufika Kongo. Mengi yalitoka Japani, yakashushwa katika bandari za Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakavuka mipaka ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana usukani wa kulia ni jambo la kawaida katika jimbo ambalo watu wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Baadhi ya magari hayo yalitembea miaka mingi kwenye barabara za Japani zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na kutu ya chini ya gari ilianza huko huko kabla ya mnunuzi wa Goma kuliona.

Kwa hiyo rangi ya gari si pambo tu. Rangi ndiyo nguo inayokinga bati dhidi ya maji na hewa. Ikichanika, kutu inaingia, na kutu haiondolewi kwa sabuni. Mwenye gari analazimika kumtafuta fundi wa kukata bati, kuunga na kupaka rangi upya. Kwa mwenye Noah au Fuso ya kubeba mazao, siku ambazo gari liko kwa fundi ni siku zisizo na mapato. Kwa motari anayepeleka verseman kwa mwenye moto, siku moja ya kusimama ni deni.

Hali ya usalama imezidisha uzito wa jambo hili. Mwezi wa Januari 2025 Masisi-Centre, Sake na Goma ziliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na tarehe 19 Machi 2025 waasi hao wakafika Walikale-Centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mgodi wa bati wa Bisie, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin wilayani Walikale, ulisimamisha kazi tarehe 13 Machi na kutangaza kurejea hatua kwa hatua mwezi wa Aprili. Njia zinapofungwa, vipuri, rangi na mafundi vyote vinakuwa mbali. Gari lililopo ndilo linalopaswa kudumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari ufa huo unaanza na mkwaruzo mmoja.

Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Rangi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu. Juu yake kuna rangi ya msingi ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe inayoonekana, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita verni. Tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida zina unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na karatasi ya kawaida ya ofisini ina mikroni kama 100. Verni peke yake mara nyingi haizidi mikroni 50, yaani nusu ya unene wa karatasi.

Verni hiyo ndiyo inayopokea kila kitu: jua, mvua, mchanga, kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na sabuni. Ikiisha, rangi ya chini inafubaa na kuanza kubanduka. Hakuna nta wala polishi inayoweza kuirudisha. Fundi hana dawa nyingine isipokuwa kupaka upya.

Adui wa kwanza ni tope lenyewe. Udongo wa milima ya Masisi umechanganyika na chembe za mawe, na barabara nyingi zimemwagiwa changarawe. Anayepitisha kitambaa juu ya tope kavu anazikokota chembe hizo juu ya verni kama msasa. Mikwaruzo ya duara inayoonekana juani kwenye gari jeusi mara nyingi haikutokana na miiba ya njiani. Ilitokana na kitambaa cha kuoshea.

Adui wa pili ni jua. Wilaya hizi ziko karibu sana na ikweta, na sehemu kubwa ya Masisi iko juu milimani. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo miale mikali ya jua inavyoongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hewa ya Masisi ni baridi, lakini baridi hiyo haipunguzi nguvu ya miale inayochoma rangi.

Adui wa tatu ni volkano. Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa milima inayotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani. Kati ya mwaka 2002 na mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, ziwa la lava lilikuwa likichemka ndani ya kreta ya Nyiragongo. Upepo wa kawaida unasukuma moshi wa milima hiyo kuelekea magharibi, yaani upande wa Rusayo, Sake na milima ya Masisi. Gesi hiyo ikikutana na mvua inatengeneza tindikali. Wakaaji wa maeneo hayo wanaijua kwa mabati ya nyumba yanayooza mapema. Kinachokula bati la nyumba kinakula pia bati la gari, na matone yakikaukia juu ya rangi chini ya jua yanaacha madoa yaliyochimba verni.

Majivu ya volkano yana hatari yake. Yakitazamwa kwa karibu, ni vipande vidogo vya kioo na mawe vyenye ncha kali. Kuyafuta yakiwa makavu ni kosa kubwa kuliko kuyaacha. Yanapaswa kuondolewa kwa maji mengi bila kusugua.

Kuna pia adui ambaye watu wanamwita rafiki: sabuni ya unga ya kufulia. Imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo. Juu ya gari inaondoa nta yote, inakausha mipira ya milango na kuiacha verni wazi. Mazutu, ambayo wengine wanaipaka ili gari ling'ae, inadanganya macho kwa saa chache, kisha inavuta vumbi lote la njiani na kulegeza mipira.

Magari ya wagonjwa yana tatizo lake. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, ambao mwezi wa Agosti 2019 ulifika hadi Pinga wilayani Walikale, kunyunyizia klorini kulikuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Klorini inaua vijidudu, na haina mbadala rahisi, lakini inakula chuma. Baada ya muda uliowekwa na wahudumu wa afya, sehemu zilizonyunyiziwa zinapaswa kusuuzwa kwa maji safi na kukaushwa.

Mto si mahali pa kuoshea

Sehemu kubwa ya maji ya milima ya Masisi yanashuka upande wa Walikale kupitia mito kama Oso na Lowa, kisha yanaelekea Lualaba. Upande wa Sake maji yanaingia Ziwa Kivu. Maana yake, oili iliyovuja kutoka kwenye injini na kuoshewa darajani haipotei. Inashuka na maji kwa jirani.

Jirani huyo mara nyingi hana bomba. Anachota mtoni kwa bidoni la lita 20, na katika eneo ambalo kipindupindu kinarudi karibu kila mwaka, maji ya mto tayari ni hatari bila kuongezewa oili, grisi na sabuni. Watoto wanaoga papo hapo, na akina mama wanafua papo hapo.

Sheria ipo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji, zote mbili zinalenga kuzuia uchafuzi wa mito na maziwa ya Kongo. Lakini vijijini, penye kijana asiye na kazi na dereva mwenye haraka, karatasi ya Kinshasa haitoshi kumwondoa mtu mtoni. Kinachoweza kumwondoa ni njia nyingine ya kupata kipato kile kile.

Tatizo hili si la Masisi na Walikale pekee. Kisumu, nchini Kenya, magari yameoshwa kwa miaka mingi kwenye fukwe za Ziwa Viktoria, na wenye mamlaka wamehangaika kuwaondoa vijana wanaoishi kwa kazi hiyo. Kusini zaidi, ukame mkubwa uliipata Cape Town. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkaaji aliwekewa kikomo cha lita 50 za maji kwa siku, sawa na mabidoni mawili na nusu. Kuosha magari kwa maji ya kunywa kulikatazwa. Kilichoruhusiwa ni maji yasiyofaa kunywa au dawa za kuosha bila maji. Kwa muda mfupi, jambo lililoonekana kuwa anasa likawa la lazima.

Hesabu inasaidia kuelewa. Mpira wa maji unaotoa lita 12 kwa dakika, ukiachwa wazi kwa dakika 15, unamaliza lita 180. Hayo ni mabidoni tisa. Katika kambi za waliohama makwao, kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya msaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Gari moja lililooshwa kwa mpira linakunywa maji ya watu 12.

Kuosha bila maji ni nini hasa

Kuna njia mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni kuosha bila maji kabisa. Dawa ya kupulizia, chini ya lita moja kwa gari dogo, inamwagwa juu ya rangi kama ukungu. Ndani yake mna viungo vinavyolainisha uchafu na kuizunguka kila chembe ya vumbi ili iteleze bila kukwaruza. Baada ya muda mfupi uchafu unainuliwa kwa kitambaa laini.

Ya pili ni kuosha bila kusuuza. Kiasi kidogo cha dawa kinachanganywa na lita kama 10 za maji ndani ya ndoo. Kitambaa kinachovywa, kinapitishwa juu ya gari, kisha sehemu hiyo inakaushwa papo hapo kwa kitambaa kingine. Hakuna mpira wala povu la kumwaga. Nusu bidoni inatosha gari zima.

Katika njia zote mbili kitambaa ndicho roho ya kazi. Fulana kuukuu na siponji ya jikoni havifai, maana vinashika mchanga na kuukokota. Kinachotakiwa ni kitambaa cha mikrofaiba, chenye nyuzi nyembamba sana zinazoumeza uchafu ndani. Anayeosha anahitaji vitambaa vingi, si kimoja. Kila kimoja kinakunjwa mara mbili ili kiwe na pande nane safi. Upande mmoja ukichafuka unageuzwa, na pande zote zikiisha kitambaa kinawekwa kando. Kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa.

Mkono unapitishwa kwa mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza na bila kuzungusha. Kazi inaanzia paani, inafuata kwenye vioo, kifuniko cha injini na milango, na inamalizikia sehemu ya chini, ambayo ndiyo yenye mchanga mwingi. Magurudumu yana vitambaa vyake. Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa, vinginevyo dawa inakauka kabla ya kufutwa na kuacha madoa.

Sharti kubwa: tope linatoka kwanza

Hapa ndipo Masisi na Walikale zinapotofautiana na Dubai au Nairobi. Dawa ya kuosha bila maji imetengenezwa kwa ajili ya vumbi, alama za vidole na matone ya mvua. Haikutengenezwa kwa ajili ya gari lililotoka kukwama kwenye tope. Mtu akiipulizia juu ya tope nene kisha akafuta, atakuwa ameisugua rangi kwa changarawe.

Kanuni ni rahisi: ukipitisha kidole kidogo kwenye mlango na ukahisi chembe, usifute. Tope lilainishwe kwanza kwa maji na liachwe lidondoke lenyewe. Kwa hilo si lazima kuingia mtoni. Pampu ya mgongoni, ile ambayo wakulima wanaitumia kupulizia mashamba, inabeba lita kama 16 na inatoa mchirizi mzuri wa kusukuma tope bila kugusa rangi. Pampu mbili, yaani chini ya mabidoni mawili, zinatosha gari dogo endapo anayeosha ana subira. Lakini pampu hiyo iwe mpya na ya kazi hiyo peke yake. Iliyowahi kubeba dawa ya wadudu isitumiwe kamwe, kwa ajili ya afya ya anayeosha na ya wote watakaoligusa gari.

Kwa maneno mengine, njia inayofaa huku ni ya mchanganyiko. Maji kidogo ya pampu yaondoe tope, ndoo moja ya kuosha bila kusuuza imalizie kazi, na dawa ya kupulizia itumike siku za jua ambapo gari lina vumbi tu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani yanafaa, isipokuwa pale moshi wa volkano unapopita, kwa sababu mvua ya hapo inaweza kuwa na tindikali. Mji wa Goma, uliojengwa juu ya mawe ya lava yasiyo na mito wala chemchemi nyingi, ungenufaika zaidi, maana huko maji ya ziwani yananunuliwa kwa bidoni.

Mahali pa kuoshea pawe mbali na mto au kisima. Umbali wa mita 30, unaotumiwa na mashirika ya maji kati ya vyoo na vyanzo vya maji, ni mwanzo mzuri. Sakafu ya changarawe na shimo dogo lenye mchanga vinazuia tope na mafuta yasitiririke. Kwa wale wa upande wa Sake, pasichaguliwe bonde lililozama, maana mazuku, ile hewa nzito inayoua bila harufu, inapenda kutulia mahali pa chini.

Chini ya gari pasisahaulike. Tope lililoganda kwenye matao ya magurudumu linashika unyevu kwa siku nyingi, na hapo kutu inafanya kazi usiku na mchana. Sehemu hiyo haioshwi kwa kitambaa. Inahitaji kijiti cha mti, maji na mkono.

Nta, polishi na seramiki

Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunika rangi iliyosafishwa. Nta inayojulikana zaidi inatokana na majani ya mnazi wa karnauba unaoota Brazili. Inapakwa kidogo sana kwa mkono, inaachwa ikauke, kisha inafutwa. Inadumu wiki kadhaa, pengine miezi michache, lakini kwenye mvua na tope isitegemewe kwa muda mrefu. Dawa za kukinga zilizotengenezwa viwandani zinadumu zaidi kuliko nta. Seramiki, yenye asili ya silika, inashikamana na verni na inaweza kudumu miaka, lakini ni ghali na inahitaji mahali safi pasipo vumbi. Karakana ya namna hiyo si rahisi kuipata Masisi-Centre wala Walikale-Centre.

Faida ya kinga hizi inaonekana baada ya safari ya kwanza. Maji yanajikusanya kama shanga na kuteremka, na tope halishiki kwa nguvu. Gari lenye nta linaoshwa kwa maji kidogo kuliko lisilo na nta. Kwa hiyo kikopo kimoja cha nta kinapunguza hata idadi ya mabidoni.

Polishi ni jambo jingine. Polishi haifuniki, inakata. Inaondoa mikroni chache za verni ili mikwaruzo isionekane. Kwa verni isiyozidi nusu ya karatasi, anayepiga polishi kila mwezi anaimaliza mwenyewe. Ifanyike mara chache, na mtu anayeijua.

Moto nazo zina rangi

Katika wilaya hizi gari ni la wachache. Moto ndiyo usafiri wa wengi: inapeleka mgonjwa hospitali, inabeba magunia ya maharagwe, inapita palipolishinda Fuso. Tangi la moto ni bati jembamba, na kutu ikianzia nje inaweza kulitoboa. Plastiki za pembeni zinafubaa kwa jua. Kwa moto, kuosha bila kusuuza ni rahisi zaidi: lita tano za maji, vitambaa vitatu na nta kidogo juu ya tangi. Mnyororo unasafishwa kando na kupakwa oili upya. Presha kubwa ya maji isielekezwe kwenye beringi, nyaya wala chujio la hewa. Motari wengi wameona moto ikikataa kuwaka saa moja baada ya kuoshwa vizuri.

Ni chukudu peke yake isiyoomba nta, maana ni ya mti.

Kazi kwa vijana wa darajani

Swali linalobaki ni la vijana. Kuwafukuza mtoni bila kuwapa kitu ni kuwaongezea njaa, na katika Masisi na Walikale kijana asiye na kazi ana njia nyingine anazoweza kushawishiwa kuzifuata, nyingi zikiwa na bunduki. Kwa sababu hiyo kazi ndogo ya kuosha magari ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mtaji wa kazi hii haulingani na wa karakana. Pampu moja, ndoo mbili, vitambaa kumi na viwili, chupa ya dawa na kikopo cha nta vinatosha kuanzia. Kazi haifungwi na mto, kwa hiyo kijana anaweza kuwafuata wateja walipo: kwenye soko la Rubaya, kwenye maegesho ya Nyabiondo au Kashebere, mbele ya ofisi za mashirika. Mteja wa kudumu naye yupo. Magari ya misaada lazima nembo zake zionekane kutoka mbali kwa ajili ya usalama, na tope likifunika nembo, taa na namba, hatari inaongezeka. Shirika linaloweka katika mkataba wake kwamba magari yake hayaoshwi mtoni linaweza kuleta mabadiliko kuliko tangazo la redio.

Kwa upande wa mwenye gari, mabadiliko yanaanza na mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kuacha sabuni ya kufulia, kuacha kufuta tope kavu, na kuondoa siku hiyo hiyo kinyesi cha ndege na utomvu wa miti ya msitu wa Walikale. Barabara hazitatengenezwa kesho. Sehemu ya lami ya barabara ya taifa namba 3 pale Kilambo iliwahi hata kutumiwa kama uwanja wa ndege za kubeba madini, kwa kuwa kuruka kulikuwa rahisi kuliko kuendesha. Tope litaendelea kuwepo, na magari yataendelea kuchafuka.

Lakini maji yanayotoka kwenye bawa la gari lile yanaweza kuishia kwenye changarawe, mbali na bidoni la mama anayechota chini ya daraja, na rangi ikabaki juu ya bati miaka mingine mitano. Kwa jimbo ambalo kila kitu kinanunuliwa kwa taabu, kutunza kilichopo ni sehemu ya kuishi.